"Borrow" na "lend": nilivyozitenganisha darasani Kigoma

Kosa lenyewe mnalijua: "Teacher, borrow me your pen." Katika darasa la jioni la watu wazima ninalofundisha hapa Mwanga, lilikuwa likirudi hata baada ya kuandika ubaoni kwamba "borrow" ni kuazima na "lend" ni kuazimisha. Tafsiri hiyo ndiyo iliyokuwa inanikwamisha. Neno kuazimisha lipo, lakini ni wangapi wanalitamka? Mtu anasema "niazime", yanaisha.

Sasa itazame hiyo "niazime". "Kaka, niazime jembe" ni ombi kwa mwenye jembe, na ni- hapo ni yule anayepewa. "Niazime jembe kwa nani?" ni swali la mtafutaji, na ni- hapo ni yule anayechukua. Herufi ni zilezile, na sisi hatupotei. Kiingereza kinataka uchague upande kabla hujafungua mdomo.

Kiswahili kinajali jambo jingine: kitakachorudi. Ukiazima karabai, unarudisha karabai ileile. Ukikopa elfu kumi, unarudisha elfu kumi, si lazima iwe noti ileile. Kiingereza hapo hakina habari. Jembe, karabai, pesa, vyote ni "borrow" kwa anayechukua na "lend" kwa anayetoa. Kwa hiyo niliacha kuanzia kwenye kuazima, nikaanzia kwenye kopa na kopesha, kwa kuwa jozi hiyo tayari ina pande mbili. Hakuna muuza dagaa wa Kibirizi anayechanganya nani kakopa na nani kakopesha. Kopa ni "borrow", kopesha ni "lend". Ukishaushika upande, ndipo unaingiza jembe na kalamu.

Zoezi linahitaji watu wawili na kitu kimoja mkononi. Mwenye kitu anasema "I lend", anayekipokea anasema "I borrow", kisha wanabadilishana. Dakika tano zinatosha, ila kitu kihame kweli. Wakikaa tu na madaftari hawashiki. Baada ya hapo ndiyo maombi, na hapa nilitoa kanuni moja tu: tazama neno linalofuata "can". Likiwa "I", endelea na "borrow": "Can I borrow your pen?" Likiwa "you", endelea na "lend": "Can you lend me your pen?" Najua "Can I lend you my umbrella?" ni sahihi pia, ila huko ni kujitolea kumpa mwenzako, si kuomba. Nililiweka kando mpaka wiki ya pili. Ukilileta siku hiyohiyo, unaibomoa kanuni kabla haijakauka.

Kosa lililofuata lilikuwa "I borrowed it to Asha", mtu akimaanisha aliazima kwa Asha. Hapo mchawi ni "kwa". Kwetu "kwa" haisemi kitu kinatoka au kinakwenda. Kitenzi ndicho kinachosema. Kiingereza kinataka "from" baada ya "borrow", na "to" baada ya "lend": "I borrowed it from Asha", "I lent it to Asha". Zaidi ya hapo, "lend" inakubali mtu akae jirani nayo, "lend me", kama sisi tunavyosema nikopeshe. "Borrow" haikubali. Ukisema "She borrowed me", aliyeazimwa ni wewe mwenyewe, kama karabai.

Nyakati zilizopita hazisumbui sana: "borrow" inakuwa "borrowed", "lend" inakuwa "lent". "Lended" hakuna.

Mtego mkubwa zaidi ulitoka kwenye kukopesha kwenyewe, na wafanyabiashara ndio walionasa. "Mama, nikopeshe dagaa kilo mbili, nitalipa Jumamosi." Wakaandika "Lend me two kilos of dagaa." Mwingereza atakayesikia hivyo ataelewa kwamba Jumamosi utarudisha dagaa! Hapa hakuna "lend" wala "borrow"; ni kununua na kulipa baadaye, na Kiingereza chake ni "on credit": "Can I have two kilos on credit?" Kipimo nilichowapa: itakayorudi ni bei? Basi ni "on credit". Kitarudi kitu chenyewe, au zitarudi pesa zilizotoka kama pesa? Hapo ndipo penye "borrow" na "lend". Na ukilipia muda wa kutumia kitu, kama mtumbwi wa kukodi, ni "hire".

Mwisho ni sikio. Kwa wanaobadilishana l na r, "lent" na "rent" zinatoka sauti moja, na "He lent me a room" inageuka habari ya kodi ya nyumba. Niliwaambia wasitumie r yetu inayotetemeka. Kwenye "lent" ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kukaa. Kwenye "rent" ya Kiingereza ncha haigusi popote, na midomo inajikusanya kidogo. Nilikuwa nalitamka neno moja huku nimegeukia ubao, wao wanainua kidole kimoja kwa "lent" na viwili kwa "rent". Kila kipindi maneno kumi, mwanzoni kabisa, kabla hawajachoka.