Chambo cha Chapati

Kaka yangu anaishi Morogoro. Kila Desemba shule zikifungwa huwapandisha watoto wake wawili basi la Tanga, pamoja na kiroba cha mchele ambacho ndiyo ujira wangu wa ulezi. Kaka mtu ana miaka 11, dada mtu 8. Mwaka wa kwanza niliwapeleka kuogelea. Mwaka wa pili, kuogelea tena. Wakarudi kwao wakiijua bahari kama bwawa lenye chumvi. Safari hii nikasema hapana, mtavua.

Habari za fimbo zenye gurudumu tuwaachie wenye uwezo. Mimi nilifundishwa na ami yangu kwa mshipi wa mkono, yaani uzi na ndoana bila fimbo, nikiwa na miaka 9, majirani wakinong'ona kwamba mtoto wa kike na mshipi wapi na wapi, si akatande dagaa kwa kanga na wenzake? Ami hakuwajibu. Alinipa ndoana.

Vifaa vya watoto wote wawili havikufika shilingi elfu 10. Nailoni nyembamba, mita 25 kila mmoja, nikaizungushia kwenye chupa tupu za juisi za nusu lita. Ndoana dazeni mbili, namba 14. Kaka mtu alinuna kuona nimechukua vindoana vya kitoto wakati dukani kuna za kuvulia papa, ikabidi nimweleze kwamba kwenye ndoana za aina hii namba ikipanda ndoana inapungua, na kwamba mdomo wa samaki wa mwambani ni kama tundu la kifungo. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha uzi, sikununua. Ami alikuwa akibana risasi kwenye uzi kwa meno, na risasi ni sumu, sitaki mtoto hata aishike kisha atie mkono mdomoni. Nilikwenda kwa fundi baiskeli, maana Tanga baiskeli hazijawahi kutuishia, akanipa kopo zima la nati zilizoliwa. Nati ina tundu tayari, unafunga na kazi imekwisha.

Siku mbili hatukwenda popote. Tulivua uani. Nikaweka beseni mbali kiasi cha hatua 10, wakawa wanarusha nati bila ndoana. Nikawakataza kuzungusha mshipi juu ya kichwa kama wanavyofanya wakubwa. Kwa watoto wawili waliosimama pamoja hiyo ni njia ya kwenda kutolewa ndoana sikioni hospitali. Wanarusha kwa chini, mkono ukitokea nyongani. Dada mtu alipiga beseni mara tatu mfululizo. Kaka mtu alimpiga kuku.

Kisha nikaangalia mwezi. Huku kwetu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, halafu kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo nikangoja siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, maji yanapojaa baada ya saa 12 jioni. Hapo unaanza saa 10, jua limeanza kulegea, maji yanapanda na samaki wanapanda nayo kuja kutafuta riziki mwambani. Ukimpeleka mtoto maji yamekupwa, atavua mawe. Ukimpeleka saa 7 mchana, atakuchukia wewe na bahari yako. Ila bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nalo lina hila zake. Maji ya hapa yanapanda zaidi ya mita 3, na mwamba uliousimamia mkavu unaweza kugeuka kisiwa nyuma ya mgongo wako huku wewe umekodolea macho uzi. Nilichagua mahali Raskazone, ufukweni hapa hapa Tanga, ambapo mwamba umeshikana na nchi kavu, nikachora alama kwa mkaa: maji yakigusa hapa, tunainuka, hata kama mtu kanasa nyangumi. Miguuni yeboyebo, si ndala, kwa sababu mwani unateleza na lile jiwe la matumbawe linachana kama kikwaruzo cha nazi.

Nilinunua kamba wadogo wa chambo. Wakaisha ndani ya nusu saa. Samaki walikuwa wanadonoa, wanasafisha ndoana, wanakwenda zao. Kaka mtu alikuwa ameshakatia mwambani ndoana sita. Mshipi ukinasa, yeye anavuta kwa hasira kama anayevuta ng'ombe, na mimi nimekaa kwenye jiwe nimejikalia mikono kabisa. Hapo ndipo pagumu pa kumfundisha mtoto kuvua. Mkono wako unaujua ule uzi, unaona kabisa kwamba akilegeza na kusogea hatua nne kushoto ndoana itachomoka yenyewe, lakini ukiuchukua tu mshipi, samaki atakayepatikana ni wako. Nikasema, "Mwanangu, usimvute anayekuvuta. Mlegezee." Ya saba akalegeza. Ikatoka.

Chambo kimekwisha, nikafungua kapu la chakula. Chapati moja iliyobaki nikaikanda na matone ya maji mpaka ikawa kama udongo wa kufinyangia.

"Shangazi, samaki anakula chapati?"

"Tasi anakula mwani maisha yake yote. Wewe ungekataa chapati?"

Ukifinyanga kipande kisichozidi punje ya hindi kikafunika ncha ya ndoana, kinakaa. Dada mtu akarusha. Nikamwonyesha jinsi ya kuulaza uzi juu ya kidole cha shahada, usiushike, ulale tu, maana nailoni inasema na kidole kabla jicho halijaona chochote. Akanyamaza. Huyu mtoto hanyamazi, mama yake anajua. Nikamwona amefumba macho, midomo inahesabu madonoo, tik, tik, kimya, tik, halafu uzi ukaanza kwenda kando polepole bila kutetemeka. Sikusema kitu. Akavuta kwa ghafla, mkono ukafika sikioni, na chini kule kitu kikaanza kukataa.

Alikuwa changu. Urefu wa kiganja changu na ncha ya kidole. Sijaona watu wakipiga kelele hivyo kwa samaki hivyo.

Tasi mwenyewe akaja kwa kaka mtu, na hapo nina kosa langu. Nilikuwa nimewaambia wasimguse samaki yeyote kabla sijamwona, lakini nilikuwa nimewapa mgongo nikifunga ndoana ya dada mtu. Kaka mtu akamkamata tasi kwa mkono mtupu. Tasi ana miiba 13 mgongoni na mingine tumboni, yote ina sumu. Haiui, lakini mtu mzima analia. Mtoto akawa mweupe midomo. Dawa yake ni maji ya moto, kiasi cha kuvumilika, kwa sababu joto ndilo linaloivunja ile sumu. Maji ya moto mwambani utayatoa wapi? Kwenye chupa ya chai. Nikamimina chai ya rangi kikombeni, nikaijaribu kwanza kwa kidole changu, kisha akatumbukiza chake, ikipoa naongeza. Nusu saa kijana amekaa anaogesha kidole kwenye chai ya tangawizi, dada yake anamuuliza kama ataweka sukari.

Huku tukingoja bunju akanasa, akafura kama mpira, na hao wakataka kumpeleka kwa paka wa jirani. Hapana. Bunju haliwi na mtu wala paka, sumu yake haitoki kwa kupikwa. Tukamchomoa kwa kitambaa, tukamrudisha, akaondoka akitoa mapovu.

Dada mtu ndiye aliyeuliza: kwa nini tusiwatoe wote kwa pamoja? Nikamweleza nilikokulia. Kuvua kwa baruti kulipigwa marufuku mwaka 1970, lakini miaka ya tisini tulikuwa tukiisikia ikilipuka baharini tukiwa darasani. Ukienda ufukweni unakuta watu wanaokota. Ami alinipasulia mmoja nimwone: mfupa wa mgongo umevunjika vipande, tumbo limekuwa uji. Hakumla. Alisema huyu hakuvuliwa, na akamwachia kunguru, siku ambayo nyumbani hatukuwa na kitoweo. Dada mtu akaangalia ndoo, akamtoa changu mdogo kuliko wote, akamtia majini bila kuniuliza.

Maji yaligusa mkaa saa 12 kasoro. Tulirudi na changu wawili na tasi mmoja. Tasi kaka mtu alimla peke yake, na kichwa, kwa kisasi.

Wameondoka wiki mbili sasa. Jana jioni simu ya wifi ikaita, kumbe ni kijana: yuko mto Ngerengere na wenziwe watatu, anataka kujua kambare anakula chapati au anataka minyoo, na je, nati moja inatosha kwa maji yanayokwenda mbio? Sijamaliza kumwambia ajaribu minyoo kwanza na asogee mbali na ukingo, nikasikia simu inanyang'anywa.

"Wifi, shikamoo. Hivi unga wangu wa ngano umewafundisha nini hawa?"