Mstari Usiokuwepo

Tanga, Jumanne usiku

Usiku huu nawaza mstari mmoja tu wa alama ya kidole: ule ambao kompyuta, ikisaidia kutambua alama hafifu iliyoachwa mahali pa uhalifu, huuchora mahali pasipo na kitu.

Mtu akishika glasi ya chai hapa Ngamiani, jasho na mafuta ya ngozi hubaki kwenye kioo vipande vipande. Nusu ya kidole, tena imeteleza, pengine na kidole kingine juu yake. Unyevu wa pwani huigandisha poda inayopakwa ili alama ionekane, ikaziba mifereji iliyo kati ya mistari. Ila kwa mvuke wa supa gluu, njia nyingine ya kuidhihirisha alama, unyevu ni msaada, maana mvuke huo hushika vizuri hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80 hivi.

Kisha picha: pikseli 1,000 kwa inchi, kamera wima juu ya alama, rula ikionekana. Bila rula kipimo hupotea. Picha ikipunguzwa hadi pikseli 500 kwa inchi, kutoka mstari hadi mstari ni kama pikseli 9, na mtandao wa neva, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, umezoea upana huo.

Mtandao wa kwanza hutenga kidole na mandhari yake, wa pili husafisha mistari, wa tatu hutafuta inapokatika na inapogawanyika njia panda. Wa kuchungwa ni huo wa pili. Umefundishwa kwa alama safi zilizochafuliwa makusudi, kwa hiyo umekariri sura ya kidole. Ukiupa doa tupu, hulijaza mistari mizuri yenye njia panda zake, nazo huingia kama ushahidi alama inapolinganishwa na vidole vya watu. Picha ya awali ikae kando daima, na njia panda isiyoonekana humo ifutwe.

Binadamu naye huona kisichokuwepo. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni za Madrid, FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilimbandika mwanasheria wa huko alama isiyo yake, akakaa ndani wiki mbili. Wakaguzi walikuwa wameshatazama kidole chake, wakaanza kuona mistari ya kidole hicho kwenye ile alama hafifu. Ndiyo maana nasisitiza: mkaguzi aweke kwanza nukta zake pale mistari inapokatika au kugawanyika, orodha ya kompyuta ya vidole vinavyofanana aonyeshwe baadaye.

Kinachoniuma zaidi ni vidole vya wakata mkonge, mistari imelika kwa kazi. Mtandao uliofundishwa kwa vidole laini utawajazia ya kwake. Vidole hivyo viwemo kwenye data ya mafunzo tangu siku ya kwanza, kwa idhini ya wenyewe.