Ilulissat: safari na mbwa wa Greenland

Mbwa wa Ilulissat, mji wa pwani ya magharibi ya Greenland, unawasikia kabla hujawaona. Mmoja huanza kulia, sauti ndefu inayopanda, wa jirani anadakia, na punde mtaa mzima unaitikia. Nilifika Machi, jua limekwisha kurudi baada ya wiki za giza la majira ya baridi, lakini baridi bado inakata masikio.

Mvuvi mmoja alikubali kunichukua kwenye sleji yake, gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji. Mbwa walipoona tu mikanda ya kuvutia sleji, wakapagawa: wanaruka, wanavuta minyororo, wanagombana. Alitangulia kumfunga dume mkubwa, kiongozi wao, na wengine wakapunguza fujo. Kundi lina ngazi zake na kila mbwa anaijua yake. Kwa binadamu ni wapole kuliko nilivyotazamia, ila si mbwa wa kulala sebuleni. Waliokomaa sheria inataka wafungwe. Wadogo ndio wanaozurura mjini.

Kwenye sleji hawafungwi wawili wawili kama Alaska. Kila mmoja ana kamba yake, wanatawanyika mbele kama upepeo uliokunjuliwa. Juu ya bahari iliyoganda hilo lina maana: kila mbwa anachagua pa kukanyaga, uzito hauangukii sehemu moja, na barafu ikimeguka hazami msururu mzima. Tulipoanza kuteremka fujo yote ilikatika. Zilibaki pumzi zao na mkwaruzo wa sleji, na niliona wazi kwamba kazi ndiyo inayowatuliza mbwa hawa.

Ukoo wao ni wa kale mno. Katika kisiwa cha Zhokhov, kaskazini mwa Siberia, ilipatikana mifupa ya mbwa wa miaka 9,500 iliyopita, na vinasaba vyake viko karibu na vya mbwa wa Greenland. Mababu wa Wainuiti wa leo, wenyeji wa Greenland, walitoka nao Alaska, wakavuka Kanada, wakaingia Greenland karibu miaka 800 iliyopita. Roald Amundsen, mpelelezi wa Norway, naye aliwategemea hao hao kufika Ncha ya Kusini Desemba 1911. Aliondoka kambini na mbwa 52, wakarudi 11. Wengi waliuawa njiani wawe chakula. Watu husimulia ushindi ule wakawasahau mbwa, nami naona ni dhuluma.

Kaskazini mwa Duara la Aktiki, mstari wa kufikirika unaozunguka kaskazini ya mbali ya dunia, na mashariki yote ya Greenland, sheria inakataza mbwa wa sleji wa aina nyingine yoyote, ili damu isichanganyike. Hata hivyo idadi imeshuka: mwanzoni mwa karne hii walikuwa takriban 25,000, sasa wamebaki karibu nusu. Mbwa lazima walishwe hata kiangazi wasipovuta sleji, pikipiki za theluji hazili, na barafu ya bahari inachelewa kuganda.

Nilimuuliza mvuvi kwa nini yeye hajanunua pikipiki. Akasema anayo, huitumia kwenda dukani. Barafuni huenda na mbwa, kwa sababu wao husimama wenyewe pale barafu ilipo nyembamba.