Elfu Moja Iliyokataa Kwenda Benki

Jumatatu tarehe 30 Septemba 2019, Lamu ilikuwa mbioni. Kesho yake noti za zamani za elfu moja zingekuwa karatasi tu, kama serikali ilivyotangaza siku ya Madaraka, na watu walikuwa wakipekua mito ya kulalia na makopo. Mkaza mjomba alinituma dukani Langoni nikachukue zilizobaki, nizipeleke benki kabla haijafungwa. Mjomba alizihesabu, akanikabidhi, akabakisha moja iliyonyooka kuliko zote.

"Hii haiendi."

Kisha akanipeleka ndani, akafungua kasha. Nilijua ana pesa za kale, lakini hakuwa ametuonyesha zote kwa pamoja. Karibu zote zilitoka kwenye mirathi. Mzee akifa, kasha lake likifunguliwa, hukutwa bunda ambalo benki hailitaki tena. Warithi walilipeleka kwa mjomba, naye akawapimia sukari au unga. Hakuwahi kununua mnadani. Ndiyo maana noti zake nyingi zimekunjwa mara nne na zinanuka tumbaku, na mkusanyaji wa Nairobi angezibeza.

Aliyoipenda zaidi ni noti ya florini moja ya 1920, yenye sura ya Mfalme George V. Florini ilichukua nafasi ya rupia, na haikufika miaka miwili shilingi ikaiondoa. Chini yake zilikuwa shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, thamani ikiandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kigujarati. Kisha zile za 1964, ambazo Malkia ametolewa na badala yake kuna chombo cha matanga. Kila Mlamu akiiona hudhani ni jahazi la kwetu, kumbe ni la Ziwa Viktoria! Halafu za Kenyatta, zilizoanza Septemba 1966.

Kila noti ilikuwa peke yake ndani ya mfuko wa polyesta, ile plastiki ngumu isiyonuka. Zamani alitumia albamu za picha. Plastiki yake laini ikaanza kutoa mafuta na kung'ang'ania wino. Mpwa mwenzangu aliwahi kumshauri azipige lamineti, akafukuzwa. Hakuna gundi, hakuna pini, hakuna pasi. Maelezo huandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni. Kwenye pembe za kasha alitia vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana kwetu hewa yenyewe ina chumvi na koga haisubiri masika. Wakati wa kaskazi hulifungua kasha kivulini, lisipigwe na jua.

"Lakini elfu moja, mjomba?" nilimuuliza. Ilikuwa pesa ya matumizi, si masalio ya marehemu.

"Hizi zote zimenijia kwa waliochelewa," akasema. "Hii nataka ichelewe kwa hiari yangu. Na katiba ya 2010 imekataza sura ya mtu kwenye pesa. Hutamwona tena Mzee Kenyatta hivi."

Aliniagiza nichukue penseli, niandike tarehe na neno "Langoni". Nikakimbia benki na zilizosalia, foleni ikiwa imefika nje.

Jioni mkaza mjomba alihesabu noti mpya, akahesabu tena.

"Imepungua moja."

"Iko kashani," nikajibu.

"Basi mwambie mjomba wako Ijumaa atakula wali kwa chumvi."

Ijumaa alipikiwa samaki wa nazi, ila mkaza mjomba alimdai elfu yake mpaka mwezi ukaisha.