Super au dizeli: jibu nililipata kati ya Nakuru na Kisumu

Nilipokuwa natafuta gari, kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: chukua dizeli. Jirani yangu hapa Section 58, Nakuru, alinishikilia getini karibu kila jioni, eti Mazda CX-5 ya super, yaani petroli, itanifilisi. Nilikuwa nimebakisha kutuma pesa za gari la dizeli tu. Aliyeniokoa ni fundi wangu wa Shabab, kwa swali ambalo hakuna mwingine aliyefikiria kuniuliza: "Mama, hilo gari litakuwa likienda wapi?"

Nikamweleza. Asubuhi shuleni kuwaacha watoto, halafu kazini, jioni sokoni. Kilomita tatu hapa, nne pale. Injini haijashika joto nimeshaizima. Kisumu kwa wakwe ni mara moja kwa mwezi. Akanieleza kwamba dizeli za siku hizi zina chujio kwenye ekzosi linalonasa masizi. Likijaa, gari huyachoma lenyewe, lakini lazima ekzosi iwe moto sana kwa muda, yaani mwendo wa barabara kuu usiokatizwa. Ukizima katikati kila siku, masizi yanabaki, na ile dizeli ya ziada iliyomwagwa ili kuyachoma inateremka kwenye oili. Akachomoa kijiti cha oili kwenye gari la mteja mwingine akanipa ninuse. Oili ilikuwa imepita alama ya juu na inanuka dizeli tupu. Harufu ile ilimaliza mjadala. Nikanunua ya super, lita 2.0. Ya 2.5 ina nguvu zaidi mlimani, lakini sikuona kwa nini niilipie nguvu hiyo foleni ya mjini. Haibridi ndogo niliipenda, maana kwenye foleni mota ya umeme hubeba kazi kubwa, ila watoto watatu na magunia ya kutoka kwa mama mkwe havingetosha.

Sasa jirani akaanza: "Utaona moto." Nikaamua kupima mwenyewe.

Safari ya kwanza nilijaza tangi Nakuru. Pampu ilipojikata, kijana akaniuliza, "Nikufikishie elfu tano iwe sawa?" Nikakubali, akaminya kidogo kidogo hadi mafuta yakaonekana mdomoni. Kisumu nikajaza tena, pampu ikajikata nikalipa. Nikagawanya: karibu kilomita 18 kwa lita! Jioni ile kwa wakwe sikuzungumza lingine, hata samaki walipoa mezani. Kesho yake nikarudi, nikajaza Nakuru, nikagawanya. 12.7. Moyo ulishtuka. Nilimpelekea fundi usiku uleule, akafungua plagi, akakagua filta ya hewa, akapima upepo wa magurudumu. Kila kitu sawa.

Nililala nikifikiria hiyo barabara, na jibu lilikuwa hapo barabarani. Nakuru iko juu kama mita 1,850, Kisumu kama 1,130. Ukishapita Mau Summit unateremka Kericho katikati ya majani chai hadi Ahero, na ukiachia kanyagio la mafuta gari likiwa kwenye gia, injini hukata mafuta kabisa. Kurudi, ule mlima wote unaulipia. Halafu yale mafuta ya kuminya ya Nakuru nilikuwa nimeyachoma njiani bila kuyahesabu. Na tafadhali, anayekuambia uweke nyutro kwenye mteremko ili uokoe mafuta usimsikilize. Kwenye nyutro injini inaendelea kunywa ili isizimike, na breki zinabaki peke yao. Waliowahi kuona malori yaliyoanguka kwenye mteremko wa Salgaa, barabara hii hii, wanajua ninachosema.

Mwezi uliofuata nilipima vizuri. Pampu ileile, gari limesimama palepale kwa sababu sakafu ikiinama tangi nalo linainama, na pampu ikijikata mara ya kwanza basi, shilingi zibaki na senti zake. Kwenda na kurudi, kilomita 360, lita 25.8. Karibu 14 kwa lita, na Kisumu AC ilikuwa imewashwa muda wote, joto la kule si la mchezo. Mjini Nakuru napata 9, siku nzuri 10. Siioni kuwa mbaya kwa gari la ukubwa huu, na oili yangu nikiichomoa inanuka oili.

Shemeji yangu wa Kisumu aliponiomba ushauri mwaka huu nilimuuliza swali lile la fundi. Yeye huenda Busia na kurudi mara tatu kwa wiki, Maseno, Luanda, Ugunja, moja kwa moja bila kusimama. Nikamwambia, "Shem, wewe chukua dizeli." Juzi alinitumia picha ya risiti na hesabu yake: 17.3, kwenda na kurudi, pampu moja. Nilifurahi kana kwamba gari ni langu.