Ukikata Paa, Umekata Mfupa

Fundi wa bodi za magari hapa Nakuru huletewa swali hili: "Fundi, hili gari la saluni si likatwe paa tu, liwe wazi kama yale magari ya mbio?" Grainda italikata, hilo halina shaka. Kazi iko kwa kile kitakachobaki.

Chukua kipande cha bomba la egzosi, mita moja, kipenyo milimita 50, unene milimita 1.5. Jaribu kulisokota kwa mikono. Halitikisiki. Sasa lipasue kwa grainda mstari mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha lisokote tena. Kingo mbili za mpasuo zinapitana, moja ikisonga mbele na nyingine ikirudi nyuma, na wala hutumii nguvu. Kwa hesabu ya mabomba membamba, ukakamavu wake dhidi ya kusokotwa umeshuka takribani mara 780. Chuma ni kile kile, uzito ni karibu ule ule. Kilichopotea ni ule mzunguko uliofungika.

Bodi ya saluni nayo ni mzunguko: sakafu, nguzo, paa, nguzo, sakafu. Ukipanda tuta kwa mshazari, gurudumu moja la mbele linakuwa juu na wenzake wako chini, na bodi nzima inasokotwa. Paa likiwepo, mzigo unagawanyika. Likiondoka, sakafu ya bati jembamba inabebeshwa yote. Baada ya muda kioo cha mbele kinapata ufa kuanzia kona ya chini, nukta za kuchomelea zinaachia kwenye miguu ya nguzo, na dashibodi inatetemeka kila ukifika barabara mbovu. Watu hulaumu shoki, wakabadilisha bure.

Wabunifu wa magari ya mbio ya wazi hawaanzi na paa. Wanaanza chini. McLaren 12C hubebwa na beseni la nyuzi za kaboni lenye uzito wa kilo 75, lililotengenezwa kwa umbo moja, na ukakamavu wote umo humo. Walipotoa Spider, toleo lake la wazi, mwaka 2012, beseni halikuhitaji kuongezewa nguvu. Gari lilizidi lile lenye paa kwa kilo 40 tu, nazo ni za paa linalokunjwa pamoja na mitambo yake. Lamborghini Murciélago ilijengwa kwa fremu ya mabomba ya chuma, kwa hiyo toleo lake la wazi lililazimika kuongezewa fremu nyingine ya mabomba juu ya injini. Pagani walikwenda mbali zaidi: Huayra Roadster ya 2017, ile ya wazi, ina kilo 1,280, nyepesi kuliko ile yenye paa, ambayo ni 1,350. Hapo unaona kazi ya mtu aliyechora upya badala ya kukata.

Tazama vizingiti vya milango vya magari haya. Ni vinene na viko juu, mpaka kuingia ni kazi. Watu hudhani ni mapambo. Kila kizingiti ni lile bomba letu kabla ya kupasuliwa: mawili, kulia na kushoto, yameunganishwa na ukuta wa mbele miguuni na mwingine nyuma ya viti. Gari likipinduka, kichwa kinalindwa na nguzo za kioo cha mbele zilizoimarishwa pamoja na matao yaliyo nyuma ya viti.

Kaboni ina masharti yake. Hainyooshwi kwa nyundo. Ikigongwa na jiwe, tabaka zinaweza kuachana ndani huku rangi ya nje ikiwa safi kabisa. Gongagonga kwa sarafu ya shilingi 20, hatua kwa hatua. Penye uzima mlio ni mkali. Penye tabaka zilizoachana mlio unafifia kama unagonga kadibodi. Hiyo ni dalili ya kwanza tu, kipimo cha mawimbi ya sauti ndicho kitakachothibitisha. Na usifunge alumini moja kwa moja juu ya kaboni: maji yakiingia kati, alumini inaliwa. Weka tabaka ya faibaglasi katikati.

Vumbi letu la Nakuru nalo huziba mifereji ya maji ya paa linalokunjwa. Mvua ikija, maji hurudi chini ya zulia na kukaa huko. Mimina nusu kikombe cha maji kila upande, uone yanatokea wapi chini ya gari. Yakikwama, zibua kwa uzi laini wa mashine ya kukata nyasi. Usitumie upepo wa kompresa, maana hung'oa mipira ya maji kwenye maungio. Raba za paa zipakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya taa yanazivimbisha.

Anayeng'ang'ania kukata saluni, basi afuate mpangilio. Kwanza apate idhini ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, maana umbo la bodi linabadilika. Gari lisimame kwa magurudumu yake mahali tambarare, milango ikiwa imefungwa, betri imetolewa. Ingiza bomba la mraba la milimita 100 kwa 50, unene 3, ndani ya kila kizingiti, kisha unganisha pande mbili nyuma ya viti na uweke msalaba wa chuma chini ya sakafu. Chomelea vipande vya milimita 30 ukibadilisha upande, joto lisivute bodi. Paa likatwe mwisho kabisa. Ukianza na paa, milango haitakaa tena ilivyokuwa.

Kabla ya kulipia gari lolote la wazi, liwe la karakana au la kiwandani, pima mwanya wa mlango kwa filageji (vibati vya kupimia mwanya) kwenye kona ya juu ya nyuma. Inua kona moja ya mbele kwa jeki mpaka tairi liachane na ardhi, kisha pima tena na ufungue mlango. Mlango ukikwaruza au ukigoma kwenye kufuli, bodi hiyo imelegea, hata rangi iwe inang'aa vipi.