Ndoo Mbili kwa Mfuko Mmoja

Mwaka 2019, miaka mitatu baada ya Serikali kutangaza kuhamia Dodoma, kila ulikogeuka mjini uliona mirunda imeegemezwa ukutani na rundo la kokoto barabarani. Mashauri ya ujenzi nayo yalimiminika kwenye ofisi yangu ya uwakili.

Mteja wangu alikuwa mama mjane, muuza nafaka wa soko la Majengo. Alijenga hosteli ya ghorofa mbili kule Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu, na vitanda alikuwa ameshavinunua. Mkandarasi alimshtaki kwa kutolipa awamu ya mwisho. Mama alikataa kulipa kwa sababu slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya kwanza ilikuwa imebonyea katikati.

Karatasi za mkandarasi zilikuwa safi. Vibonge vya majaribio vya zege, milimita 150 kila upande, vilikuwa vimepondwa kwenye mashine siku ya 7 na ya 28 baada ya kumwagwa, vyote vikafaulu kipimo cha uimara, daraja la 25. Nilizisoma usiku kucha, nikamwambia, "Mama, tukubaliane nao tulipe nusu, yaishe." Aliniangalia tu. "Baba, wewe umeingia chini ya ile slabu?"

Nilikuwa sijaingia.

Niliingia siku mahakama ilipokwenda kuangalia jengo. Hakimu alikuwa bado nje na karani nilipokwangua boriti ya pembeni mwa ngazi kwa ufunguo wa gari. Likamwagika vumbi la kijivu, likanijaa kwenye mkono wa koti. Nikakwangua tena, nondo ikaonekana, imeshika kutu. Machi 2013 nilikuwa Dar es Salaam ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Nilivikumbuka vile vitanda, miguu ikaniisha nguvu.

Kiwanja cha pili kijana alikuwa anafyatua matofali. Nilimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," akaitikia, halafu akasema bila kuniangalia, "Hilo zege nilichanganya mimi."

Alikuwa saidia fundi siku slabu ilipomwagwa. Mfuko mmoja wa saruji, ndoo mbili za maji za lita 20, wakati mwingine mbili na nusu. Wahandisi wataniambia baadaye kwamba lita 25 hivi zingetosha. Kwa nini waliongeza? Zege zito linawachosha wanaolipandisha kwa ndoo. Ukilinywesha maji linateleza lenyewe hadi kwenye kona. Vile vibonge vya majaribio, akasema, vilijazwa zege lililochanganywa pembeni, taratibu. Baada ya kumwaga, slabu ilimwagiliwa maji siku mbili tu, kwa kuwa boza la maji kufika kule ni ghali na kisima hakuna. Jua la Dodoma na ule upepo mkavu vikamalizia. Saruji inakomaa ikiwa na unyevu, kwa siku saba angalau. Hapa maji yalizidi yalipotakiwa kuwa machache, yakakosekana yalipohitajika.

Kumleta kizimbani kulinichukua wiki mbili, maana aliogopa kukosa vibarua mji mzima. Wakili wa upande wa pili alimuuliza kama yeye ni mhandisi. "Hapana, mheshimiwa. Nilibeba ndoo." Enzi hizo kumbukumbu za mahakama zilikuwa bado zinaandikwa kwa Kiingereza, sheria ilibadilika 2021. Hakimu alisimamisha kalamu, akamwomba arudie hesabu ya ndoo polepole, akaiandika yote.

Kisha akaamuru slabu itobolewe, sampuli zitolewe kwenye zege lenyewe. Hakuna hata moja iliyofika daraja la 15. Mkandarasi hakusubiri hukumu. Tulisaini hati ya makubaliano: atabomoa na kumwaga upya kwa gharama yake, chini ya mhandisi tuliyemchagua sisi, na awamu ya mwisho italipwa baada ya siku 28, vipimo vikishatoka.

Wiki ya slabu mpya, simu yangu iliita saa kumi na mbili asubuhi. Mama alikuwa Ng'ong'ona tangu alfajiri na boza alilolikodi kwa fedha yake. Alikuwa ametandaza magunia ya mahindi ya dukani kwake juu ya zege lote, na yule kijana ndiye aliyeshika mpira wa maji.

"Bado yana unyevu, baba," akaniambia. "Nimeingiza mkono chini ya kila gunia."